Umeme wa nyumbani: hesabu ya kupiga kabla ya kuchomeka

Nyumba zetu nyingi zina soketi chache na vifaa vingi. Kabla ya kuchomeka kifaa cha tatu kwenye ekstensheni moja, piga hesabu.

Volteji (V) ni msukumo wa umeme. Nyumbani Kenya ni volti 240. Mkondo (I) ni wingi wa umeme upitao kwenye waya, hupimwa kwa ampea. Ukinzani (R) ni namna kifaa kinavyouzuia mkondo huo, hupimwa kwa omu. Nguvu (P) ni kasi ya kula umeme, hupimwa kwa wati.

Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ya ukinzani mwaka 1827:

R = V ÷ I
Na nguvu: P = V × I

Birika la ampea 8:
R = 240 ÷ 8 = omu 30
P = 240 × 8 = wati 1,920

Likiwaka saa nzima, tokeni imepungua yuniti 1.92.

Pasi ya ampea 5:
R = 240 ÷ 5 = omu 48
P = 240 × 5 = wati 1,200

Kibandiko kikitaja wati pekee, gawanya kwa 240 upate ampea.

Birika na pasi pamoja ni ampea 13, kikomo cha fyuzi ya plagi. Ongeza jiko la ampea 6, zafika 19. Mkondo ukizidi maradufu, joto la waya huwa mara nne.

Fyuzi ikikatika, usiifunge kwa waya wala karatasi ya sigara. Imekukinga na moto. Chomoa kifaa kimoja.