Redio ya Wasikilizaji: Kura na Daftari la Hesabu

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii tuitazame redio moja iliyo mbali na huku kwetu, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, nchini Marekani. Redio hiyo inaitwa KPFA. Ilianza kutangaza tarehe 15 Aprili 1949, na inahesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kuendeshwa kwa michango ya wasikilizaji wenyewe, bila ya matangazo ya biashara na bila ya kuwa mali ya serikali. Nimeichagua kwa sababu historia yake inagusa swali ambalo watu wa redio za jamii huulizana kila mahali: je, msikilizaji anayetoa fedha zake apewe vipindi tu, au apewe na sauti katika uendeshaji?

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulifundishwa kwa kirefu juu ya redio ya serikali na redio ya mfanyabiashara. Aina hii ya tatu ilipitiwa haraka haraka mwishoni mwa somo, kana kwamba ni jambo la watu wachache wenye ndoto. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma habari yake kidogo kidogo, na nimegundua kwamba ndoto hiyo ina umri mkubwa na makovu mengi.

Mwenye wazo hilo alikuwa Lewis Hill, mtangazaji ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Mwaka 1946 yeye na wenzake waliunda taasisi iitwayo Pacifica, nayo ndiyo iliyoanzisha KPFA. Hill aliamini kwamba mtangazaji hawezi kusema kweli ikiwa mkate wake unatoka kwa muuza sabuni. Akapiga hesabu kwamba kama asilimia 2 tu ya watu wanaoweza kuipata redio watalipa ada ya mwaka, stesheni ndogo itaweza kuishi.

Hesabu ilikuwa nzuri, lakini mwanzo ulikuwa mgumu. Redio hiyo ilitumia masafa ya FM, na siku zile wenye redio za kupokea masafa hayo walikuwa wachache mno. Agosti 1950 fedha zikaisha na mitambo ikazimwa. Hapo ndipo wasikilizaji walipokutana, wakachangishana, na mwezi Mei 1951 redio ikarudi hewani. Taasisi ikaota matawi: Los Angeles mwaka 1959, New York mwaka 1960 baada ya tajiri mmoja kuwapa stesheni ya WBAI bure, Houston mwaka 1970, na Washington mwaka 1977. Huko Houston mtambo wa kurushia matangazo ulilipuliwa kwa mabomu mara mbili katika mwaka huo wa kwanza, na mfuasi wa kundi la Ku Klux Klan akatiwa hatiani. Mara zote mbili redio ilirudi hewani.

Hata hivyo, jambo moja lilikuwa limefichika. Katika mpango wa mwanzo wanachama wenye madaraka ndani ya taasisi walikuwa wafanyakazi. Baadaye madaraka yakawa ya bodi. Msikilizaji alilipa, alijitolea kupokea simu, alisimama kwenye mvua kugawa vikaratasi, lakini kura hakuwa nayo. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya, maana shibe huficha mengi.

Ubaya ulijitokeza mwaka 1999. Mwezi Februari bodi ya taifa ilibadili kanuni zake ili wajumbe wake wachaguane wenyewe kwa wenyewe, badala ya kupokea wawakilishi kutoka kamati za ushauri za kila stesheni. Sababu iliyotolewa ilikuwa masharti ya shirika lililogawa ruzuku ya serikali kwa redio za umma. Machi, meneja wa KPFA aliyependwa na wenzake hakuongezewa mkataba. Watangazaji wakakatazwa kuyazungumza hewani mambo ya ndani ya taasisi. Julai ikavuja barua ya mjumbe mmoja wa bodi iliyokuwa ikizungumzia uwezekano wa kuuza stesheni. Tarehe 13 Julai mtangazaji Dennis Bernstein alitolewa studio kwa nguvu huku wasikilizaji wakisikia purukushani hiyo moja kwa moja hewani. Wafanyakazi wakafungiwa nje, na makumi ya watu wakakamatwa na polisi. Tarehe 31 Julai watu wapatao 10,000 waliandamana Berkeley kuidai redio yao.

Ebu tafakari, ndugu msikilizaji. Ni redio ngapi unazozijua ambazo zikifungwa kesho watu elfu kumi watatoka barabarani? Waandamanaji wale hawakuwa wameahidiwa posho. Walikuwa wamelipa ada, na mtu hukilinda alichokigharimia.

Milango ilifunguliwa mwezi Agosti, na kesi zilizofuata zikamalizika kwa mapatano mwezi Desemba 2001. Mwaka 2003 ikapatikana katiba mpya. Anayechangia dola 25 kwa mwaka, au anayejitolea kazi kwa saa 3, ni mwanachama mwenye kura. Kila stesheni ina bodi ya watu 24: 18 wanachaguliwa na wasikilizaji na 6 na wafanyakazi. Kila bodi hiyo hupeleka wajumbe wanne katika bodi ya taifa.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungepiga makofi na kwenda nyumbani. Lakini kura peke yake haikutosha. Chaguzi zenyewe zilikuwa za gharama, makambi yakajitokeza, na wajumbe wengi walijua siasa kuliko mizania. Ukaguzi wa hesabu ukachelewa, ruzuku ikakatika. Kule New York kodi ya mnara wa WBAI juu ya jengo la Empire State ililimbikizwa hata mwaka 2017 mahakama ikaamuru taasisi ilipe zaidi ya dola milioni 1.8. Deni hilo lililipwa kwa mkopo mwingine. Oktoba 2019 viongozi wa taifa walikatiza vipindi vya WBAI na kuwaachisha kazi watu wake, na ilichukua mwezi mzima wa mabishano mahakamani kabla vipindi hivyo havijarudi.

Katika mambo hayo mimi nayaona malengo manne kwa redio yoyote ya jamii inayotaka kudumu. Kwanza, uanachama uwe rahisi, na asiye na fedha aweze kuulipia kwa kazi ya mikono yake. Pili, bodi ichaguliwe, lakini ndani yake wawepo watu wanaoweza kusoma hesabu, nao wasikae milele. Tatu, uwepo mpaka kati ya bodi na studio: bodi isimamie fedha, leseni na meneja, isiamue habari gani isomwe saa moja jioni. Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, hesabu zisomwe hadharani, hewani, kwa lugha anayoielewa mama muuza samaki. Msikilizaji aambiwe deni likiwa bado dogo. Akiambiwa wakati mnara unataka kung'olewa, amechelewa kusaidia.

Haya si ya Marekani peke yake. Huku kwetu redio nyingi za jamii zilizaliwa kwa fedha za wafadhili. Mradi ukiisha, mafuta ya jenereta huisha nayo, na fundi akiondoka kutafuta riziki mjini mtambo hubaki umefunikwa turubai. Wala fedha za serikali si kinga. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma, na stesheni nyingi ndogo za vijijini zikaanza kuhesabu siku.

Basi kama kijijini kwako ipo redio ya jamii, nenda ukaulize mambo mawili. Uliza ni lini mara ya mwisho wanachama walipiga kura. Kisha uliza ni lini mara ya mwisho walisomewa mapato na matumizi. Ukijibiwa vizuri, lipa ada yako uwe mwanachama. Ukijibiwa kwa kigugumizi, lipa vilevile, halafu uitishe mkutano. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii.