Hofu ya leba na historia ya uzazi wa utulivu

Mjamzito wa Kihonda au Msamvu, mjini Morogoro, akifungua simu kutafuta namna ya kujifungua bila kupagawa, hatakosa kukutana na mafunzo ya hipnosisi: sauti ya upole inayomwongoza avute pumzi kwa kina, alegeze misuli kuanzia taya hadi nyayo, na kuizamisha akili yake katika jambo moja la kumtuliza huku yu macho na anajitambua. Mafunzo hayo huonekana kama jambo jipya la Kizungu. Jina lake ni jipya kweli, maana Marie Mongan wa New Hampshire, Marekani, aliyapa mafunzo yake jina la HypnoBirthing mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini vita dhidi ya hofu ya uzazi ni vya zamani zaidi, na Afrika imo ndani ya historia yake. Ukiifuata historia hiyo unaona kwamba mbinu za kujituliza zina faida, ila zimekuwa zikibebeshwa sifa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kitu kingine: mtu anayeaminika, aliyekaa kando ya mzazi.

Mwanzo wa karibu ni London. Daktari Grantly Dick-Read alisimulia jinsi mwanamke maskini wa Whitechapel alivyoikataa klorofomu na kujifungua kwa utulivu. Kutokana na visa kama hicho alijenga hoja kwamba hofu hukaza mwili, mwili uliokazwa huuma zaidi, na maumivu huzidisha hofu. Aliitoa hoja hiyo kitabuni mwaka 1933, na kitabu chake cha 1942 kikaieneza duniani. Wakati huohuo madaktari wa Kisovieti walikuwa wakijaribu hipnosisi kwa wazazi. Ilipoonekana kwamba kumlaza kila mmoja kwa hipnosisi ni kazi isiyomalizika, daktari Velvovsky na wenzake wa mji wa Kharkov waliigeuza kuwa mafunzo: mwanamke afundishwe mapema jinsi uchungu unavyokwenda, apumue, ajitulize mwenyewe. Daktari Mfaransa Fernand Lamaze aliyaona katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, akayapeleka Paris. Kwa Wakristo wenye shaka kwamba kupunguza uchungu ni kupingana na kitabu cha Mwanzo, Papa Pius XII alijibu Januari 1956 kwamba njia hiyo haina kosa la kimaadili. Waislamu nao wanacho kisa cha Sura ya Maryam, ambapo mama aliyeshikwa na uchungu chini ya mtende anafarijiwa na kuonyeshwa maji na tende.

Hata hivyo, Dick-Read aliteleza alipoitazama Afrika. Kama Wazungu wengi wa zama zake, aliamini kwamba mwanamke ambaye hajaguswa na ustaarabu wa Ulaya huzaa kwa wepesi kama jambo la kimaumbile. Alihamia Johannesburg mwaka 1948, na mwaka 1955 akachapisha No Time for Fear kuhusu safari yake barani. Dhana hiyo inapingwa na desturi zenyewe. Waluguru wa Morogoro, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, walimweka mwali ndani na kumfunda mambo ya utu uzima, ndoa na uzazi kabla hajatolewa nje kwa ngoma. Pwani, kungwi na somo walikuwa na kazi ya namna hiyo, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za uzazi katika kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Jamii isiyojua uchungu isingehangaika kuwaandaa mabinti zake kiasi hicho. Utulivu, pale ulipokuwapo, ulifundishwa na wanawake kwa wanawake. Wala tusiipambe mila kupita kiasi: katika baadhi ya sehemu za Tanzania uchungu ukichelewa mzazi alishukiwa zinaa na kushinikizwa akiri, na hakuna hofu kubwa kuliko ya kushtakiwa katikati ya uchungu.

Kisha uzazi ukahamia hospitalini, kwa sababu nzuri. Mkutano wa Nairobi wa Februari 1987 ulizindua juhudi za uzazi salama duniani, na baada ya miaka kadhaa mkazo ukatoka kwenye kuwafunza wakunga wa jadi ukaenda kwenye mkunga aliyesomea. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba uzazi katika vituo vya afya Tanzania ulipanda kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022, na makadirio ya vifo vya uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini mlangoni pa leba, mara nyingi mama, dada au shangazi aliyemsindikiza mzazi aliambiwa asubiri nje. Utafiti uliofanyika mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 2014 uliwasikia wanawake na waume zao wakieleza kupuuzwa, kudaiwa fedha, kutukanwa na, mara chache, kupigwa. Wengi hawakulalamika, walinyamaza, walirudi nyumbani, au walikiruka kituo hicho wakaenda kingine.

Hapo ndipo ushahidi wa kisayansi unapotupa jibu. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 9 ya hipnosisi yenye wanawake 2,954. Yaliona kwamba huenda hupunguza matumizi ya dawa za maumivu kwa ujumla, lakini si sindano ya ganzi ya mgongoni, na hayakupata tofauti ya wazi katika kuridhika kwa mzazi. Jaribio la Uingereza la wanawake 680, lililochapishwa mwaka 2015, nalo halikupunguza matumizi ya sindano hiyo, ingawa waliofundishwa walisema baadaye kwamba hofu yao ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Linganisha na mapitio ya mwaka 2017 kuhusu msindikizaji anayekaa na mzazi muda wote: majaribio 26, wanawake zaidi ya 15,800, nchi 17. Waliokuwa na msindikizaji walielekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, kuwa na uchungu mfupi, na kutobaki na hisia mbaya kuhusu uzazi wao. Kigoma nako, shirika la Thamini Uhai lilipofungua milango ya leba kwa wasindikizaji kuanzia mwaka 2016, wanawake walioambatana nao walielekea zaidi kusema wameridhika na walivyohudumiwa.

Wapo watakaopinga kwamba utulivu hauzuii damu kumwagika wala haushushi presha ya kifafa cha mimba. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hoja hii haimrudishi mtu kuzalia nyumbani. Mwanamke aliyetulia bado anahitaji mkunga mwenye ujuzi, damu salama na chumba cha upasuaji. Wengine watasema kwamba kusifia pumzi ni kumnyima mwanamke wa kipato cha chini dawa ya maumivu. Onyo hilo lina uzito, maana ni rahisi kumwambia mtu apumue kuliko kumnunulia dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, limetaja mbinu za kujituliza pamoja na dawa, kwa chaguo la mzazi. Pingamizi la tatu ni la wauguzi: wodi ni finyu, wazazi ni wengi, msindikizaji atavunja faragha ya wenzake. Hilo linatatuliwa kwa mapazia na utaratibu, tena msindikizaji aliyeelekezwa humpa mzazi maji, humkanda mgongo na humwita nesi mapema, kazi ambazo nesi mmoja hawezi kumfanyia kila mwanamke.

Kwa hiyo Morogoro haina sababu ya kuidharau hipnosisi wala kuisubiri. Kliniki za wajawazito tayari zinawakusanya wanawake kila mwezi. Nusu saa ya kufundisha pumzi, kulegeza mwili na hatua za uchungu haihitaji kifaa chochote cha kununua. Msindikizaji afundishwe pamoja na mjamzito, ili leba ikifika awe na la kumwambia na la kumfanyia. Halmashauri inayopanga bajeti ya wodi ya wazazi ikiweka fungu la mapazia na viti vya wasindikizaji, itakuwa imefanya zaidi kwa utulivu wa uzazi kuliko rekodi yoyote ya sauti.