Kusoma Miaka katika Sarafu za Kale za Japani

Sarafu ni shahidi apendwaye na wanahistoria, kwa kuwa huchukua tarehe yake mwilini. Lakini shahidi huyo hunena kwa hesabu ya wale waliomtuma. Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash wa Unguja yasema 1299, na msomaji wa pwani ajua mara moja kwamba mwaka huo ni wa Hijra, nao waangukia baina ya 1881 na 1882. Sarafu ya Japani yataka kazi zaidi. Haihesabu miaka tangu tukio moja la kale. Huhesabu tangu kuanza kwa zama, na zama zenyewe ni nyingi.

Desturi ya kuzipa zama majina ilitoka Uchina, nao Wajapani waliishika mwaka 645. Kwa karne nyingi jina lilibadilishwa kila ilipoonekana haja: baada ya moto mkubwa, tetemeko la ardhi au maradhi, ama ilipozuka dalili ya heri. Mwaka 1868 ikaamriwa kwamba mfalme mmoja awe na jina moja tu la zama. Tangu hapo hesabu ikawa nyepesi. Atakaye kujua mwaka wa Meiji aongeze 1867. Wa Taisho, 1911. Wa Showa, 1925. Basi Meiji 13 ni 1880. Mwaka wa kwanza wa zama hauandikwi kwa tarakimu, bali kwa alama yenye maana ya asili au chanzo.

Kujumlisha huko mtoto wa shule akuweza. Taabu iko katika upande wa kuanzia kusoma. Tarakimu ya moja ni mstari mmoja uliolala, mbili ni mistari miwili, tatu ni mitatu, na kumi ni mfano wa msalaba. Tatu ikitangulia kumi, ni 30; kumi ikitangulia tatu, ni 13. Na sarafu za Meiji husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha zile za leo. Aliyezoea sarafu za leo akishika yeni ya fedha ya Meiji 30 aweza kuisoma 13, akakosea kwa miaka 17. Kosa hilo si dogo, maana Meiji 30 ni 1897, mwaka ule ule Japani ilipoifanya dhahabu kuwa msingi wa fedha zake. Dawa yake ni kuitafuta alama ya neno “mwaka”: hiyo hufuata tarakimu, wala haiitangulii kamwe.

Showa ilianza tarehe 25 Desemba 1926, ikaisha tarehe 7 Januari 1989. Mwaka wake wa kwanza na wa mwisho, yaani wa 64, kila mmoja ulikuwa na siku saba tu. Hata hivyo sarafu za Showa 64 zipo, na za Showa 1 hazipo. Viwanda vya serikali vina kalenda yao.

Tukirudi nyuma ya Meiji, twakuta jambo gumu zaidi: jina la zama bila mwaka. Mfano mkubwa ni sarafu ya duara yenye tundu la mraba katikati, iliyoandikwa Kan'ei Tsuho. Maandishi yake husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto. Zama za Kan'ei zilikuwa kati ya 1624 na 1644, na sarafu hizo zilianza kutolewa kwa wingi na serikali mwaka 1636. Lakini jina halikuondolewa zama zilipokwisha. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliendelea kulitumia hadi miaka ya 1860, zaidi ya karne mbili. Jina la zama likawa jina la pesa.

Kwa hiyo wenye ujuzi hawaulizi maandishi yasema nini, bali yameandikwaje. Katika alama ya upande wa kushoto, yenye maana ya hazina, mna vijiti viwili chini mfano wa miguu. Kwa kawaida, katika sarafu za kabla ya 1660 vijiti hivyo hugusana. Katika zile za kuanzia 1668 vimeachana. Baadhi ya zile za 1668 zina alama moja nyuma yake, iliyotwaliwa katika jina la zama za wakati huo, Kanbun. Na zile za thamani ya mon nne, zilizoanza 1768, zina mawimbi mgongoni.

Huko Nagasaki udanganyifu ulikuwa mkubwa zaidi. Kati ya 1659 na 1685 zilitengenezwa sarafu za biashara ya ng'ambo zenye jina la zama za Kichina za Yuanfeng, zilizokuwa baina ya 1078 na 1085, kwa sababu wanunuzi waliziamini sarafu za Kichina.

Haya yote huwa mazito pale kaburi linapofunuliwa. Wajapani wengi walizikwa na sarafu sita, nauli ya kuvuka mto Sanzu uendao kwa wafu. Mchimbaji akizikuta za Kan'ei, hawezi kusema kwamba maiti alizikwa zama za Kan'ei. Azisafishe kutu, azipange, aitazame miguu ya ile alama moja baada ya nyingine. Tano zikiwa na miguu iliyogusana na ya sita ikawa na miguu iliyoachana, basi ni hiyo ya sita itakayomwambia kwamba mazishi hayo hayakutangulia mwaka 1668.