Bonasi za kadi za hoteli Marekani: Wingi wa pointi si kipimo cha faida

WAKENYA wanaoishi Marekani, sawa na wakazi wengine wa nchi hiyo, hupokea kila mara barua na matangazo ya benki yanayowahimiza kuchukua kadi za mkopo zilizobeba majina ya kampuni kubwa za hoteli.

Ahadi huwa ni ya aina moja. Mteja akikubaliwa, na akatumia kiasi fulani cha pesa katika miezi mitatu au sita ya kwanza, huzawadiwa maelfu ya pointi ambazo anaweza kuzitumia kulala hotelini bila kulipa.

Tatizo ni kwamba ahadi hizo hazipimwi kwa mizani moja. Pointi 140,000 za kampuni moja zinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko pointi 60,000 za kampuni nyingine, na anayechagua kwa kuhesabu sifuri tu anaweza kuishia kubaki na ada na deni badala ya likizo aliyoitarajia.

Mtindo wa kuwatuza wateja waaminifu ulianza kushika kasi mnamo 1981, shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake. Holiday Inn na Marriott zilifuata mnamo 1983, nayo Hilton ikaingia mnamo 1987. Benki ziliingilia kati baadaye, zikawa zinanunua pointi kutoka kwa kampuni za hoteli na kuwagawia wenye kadi.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Benki hurejesha gharama ya zawadi hizo kupitia makato inayowatoza wafanyabiashara kila kadi inapotumika, ada ya kila mwaka, na zaidi ya yote, riba kutoka kwa wateja wasiolipa deni lote kila mwezi.

Thamani ya pointi

Hatua ya kwanza katika kulinganisha ofa hizi ni kuzigeuza pointi ziwe pesa. Njia ni rahisi: chukua bei ya chumba kwa dola, igawe kwa idadi ya pointi zinazohitajika kukilipia chumba hicho hicho usiku huo huo.

Wachambuzi wa Marekani kwa kawaida hukadiria pointi moja ya Hyatt kuwa na thamani ya senti moja na nusu hadi senti mbili za dola. Ya Marriott hukadiriwa kuwa takriban senti 0.7, ilhali za Hilton na IHG, kampuni inayomiliki majina ya Holiday Inn na Crowne Plaza, huzunguka senti 0.5.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Hyatt imeendelea kuchapisha jedwali la hoteli zake kwa madaraja. Katika jedwali lililoanza kutumika Machi 2022, usiku mmoja wa kawaida katika hoteli ya daraja la kwanza ulihitaji pointi 5,000, na wa daraja la nane pointi 40,000. Hilton iliachana na jedwali lake mnamo 2017, na Marriott ikafanya vivyo hivyo mnamo 2022. Tangu hapo bei zao za pointi hupanda na kushuka pamoja na bei za vyumba, na mteja hana njia ya kujua leo ni pointi ngapi atakazohitaji Desemba.

Ni bora basi kulinganisha kwa mifano ya ofa zilizowahi kutolewa. Kadi ya IHG Premier ya benki ya Chase, yenye ada ya dola 99 kwa mwaka, iliwahi kutoa pointi 140,000 kwa aliyetumia dola 3,000 katika miezi mitatu. Kwa makadirio ya senti 0.5, hiyo ni zawadi ya takriban dola 700.

Kadi ya Hilton Surpass ya American Express iliwahi kutoa pointi 130,000 kwa matumizi ya dola 2,000 pekee. Thamani yake ni karibu dola 650, chini kidogo ya ile ya IHG, lakini kila dola iliyotumika ilileta zaidi ya senti 32 ikilinganishwa na senti 23 za IHG. Kwa familia yenye kipato kidogo, ofa ya pili ndiyo iliyokuwa bora. Ada ya kadi hiyo ilipandishwa kutoka dola 95 hadi 150 mnamo 2023.

Hyatt nayo kwa muda mrefu ilitangaza ofa ya "hadi pointi 60,000". Neno "hadi" ndilo la kuchunguzwa. Pointi 30,000 zilitolewa baada ya matumizi ya dola 3,000 katika miezi mitatu. Nyingine 30,000 zilipatikana kwa kupewa pointi mbili badala ya moja kwa kila dola ya matumizi ya kawaida, mpaka dola 15,000 katika miezi sita.

Asiyeweza kutumia dola 15,000 kwa nusu mwaka hakuzifikia. Isitoshe, nusu ya pointi hizo za pili ni zile ambazo kadi ingempa mteja hata bila ya ofa yoyote, kwa hivyo bonasi halisi ilikuwa pointi 45,000. Hata hivyo, kwa thamani ya pointi za Hyatt, zile 30,000 za mwanzo peke yake zilikaribia dola 500.

Marriott hupendelea mbinu nyingine. Badala ya pointi, kadi yake ya Boundless mara kadhaa imetoa vocha za kulala usiku mmoja mmoja, kwa mfano vocha tatu, kila moja ya hoteli isiyozidi pointi 50,000. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni pointi 150,000. Lakini vocha haina chenji: mwenye kuitumia katika hoteli ya pointi 35,000 hupoteza 15,000 zilizosalia. Huisha pia baada ya mwaka mmoja, mteja awe amesafiri au la. Afueni ni kwamba tangu 2022 vocha inaweza kuongezewa hadi pointi 15,000 ili ifikie hoteli ghali zaidi.

Kuna marupurupu madogo yanayoweza kubadilisha hesabu yote. Mwenye kadi ya IHG Premier anayelipa kwa pointi hupata usiku wa nne bure. Katika hoteli ya pointi 35,000 kwa usiku, pointi 140,000 zingetosha siku nne. Kwa nafuu hiyo hutosha tano. Marriott hutoa usiku wa tano bure kwa kila mwanachama anayelipa kwa pointi, nayo Hilton huutoa kwa wanachama wa ngazi ya Silver na kuendelea, ngazi ambayo hata kadi yake isiyo na ada humpa mteja. Hyatt haina nafuu ya namna hiyo.

Masharti yaliyofichika

Muda wa kufikisha kiasi cha matumizi huanza kuhesabiwa siku benki inapoidhinisha ombi. Kadi ikichelewa njiani wiki mbili, wiki hizo zimepotea. Ada ya kila mwaka haihesabiwi kama matumizi.

Hapa ndipo Wakenya wengi wa ughaibuni wanapaswa kuwa waangalifu. Marekani ndiyo nchi inayoongoza kwa pesa zinazotumwa Kenya, na mtu anayetuma dola mia kadhaa nyumbani kila mwezi hushawishika kuzipitisha kwenye kadi ili afikie kiwango cha bonasi.

Benki nyingi huchukulia malipo kwa kampuni za kutuma pesa kuwa sawa na kutoa pesa taslimu kwa mkopo. Matumizi ya aina hiyo hayahesabiwi katika bonasi, hutozwa ada yake, na riba huanza siku ile ile bila muda wa kusubiri. Karo ya ndugu iliyotumwa kwa njia hiyo huwa ghali kuliko ilivyoonekana, na zawadi haiji.

American Express nayo huandika katika masharti yake kwamba aliyewahi kuwa na kadi fulani huenda asipewe tena bonasi ya kadi hiyo. Anayeifunga kabla ya miezi 12 anaweza kunyang'anywa pointi. Kwa sababu hiyo si busara kuichukua ofa dhaifu wakati ofa za kadi hiyo hiyo hupanda na kushuka mara kadhaa kwa mwaka. Kwa upande wa Chase, wateja wameripoti kwa miaka mingi kwamba waliofungua kadi tano au zaidi za benki mbalimbali katika miezi 24 hukataliwa. Mgeni anayejenga rekodi yake ya mikopo hana nafasi nyingi za kufanyia majaribio.

Riba yenyewe haina mzaha. Tangu 2023, wastani wa riba ya kadi za mkopo nchini Marekani umekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Anayetumia dola 3,000 ili apate zawadi ya dola 700, kisha akabaki na deni hilo mwaka mzima kwa riba ya asilimia 21, hulipa takriban dola 630. Ukiongeza ada ya kadi, faida imekwisha kabla hajafungasha mzigo. Sheria ya 2009 kuhusu kadi za mkopo huilazimu benki kueleza katika taarifa ya kila mwezi itachukua muda gani kumaliza deni kwa mteja anayelipa kiwango cha chini pekee. Ni sehemu fupi ya taarifa hiyo, na yafaa isomwe kabla ya kitu kingine chochote.

Matumizi nchini Kenya

Kwa anayekusudia kuzitumia pointi akirudi nyumbani, suala la kwanza ni kama kampuni husika ina hoteli anakokwenda. Jijini Nairobi, JW Marriott na Hyatt Regency ziko Westlands, Crowne Plaza iko Upper Hill, nayo Hilton inawakilishwa na DoubleTree mtaani Hurlingham. Ile Hilton ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa mnamo 1969 na kuwa alama ya Nairobi kwa zaidi ya nusu karne, ilifungwa mwishoni mwa 2022. Huko Maasai Mara, Marriott ilifungua kambi ya JW mnamo 2023, lakini bei yake ya pointi huzidi kwa mbali kiwango cha vocha za kadi ya kawaida.

Pwani mambo ni tofauti. Hoteli nyingi kubwa za ufuo, zikiwemo za Sarova, Serena na PrideInn, hazimo katika mipango hii. Anayepanga kuipeleka familia Mombasa Krismasi atalipa pesa zake mwenyewe, hata akiwa na pointi nusu milioni.

Kadi za hoteli zilizotajwa hapa hazitozi ada ya kununua kwa fedha za kigeni. Mhudumu wa hoteli au duka akiuliza iwapo malipo yafanywe kwa dola au kwa shilingi, jibu liwe shilingi, kwani kiwango cha ubadilishaji kinachotumiwa na mashine ya mfanyabiashara kwa kawaida huwa kibaya kuliko cha benki.

Pointi zisizotumika nazo hufa. Za Marriott, Hilton na Hyatt hupotea akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, na za IHG baada ya miezi 12 kwa wanachama wa ngazi ya kawaida. Ununuzi mmoja mdogo kwa kadi ya kampuni husika hutosha kuanzisha upya hesabu hiyo.