Kalamashaka Walituachia Kazi ya Kutafsiri

Nilizaliwa Kalamashaka wakiwa tayari na wimbo mkubwa. Kufikia wakati nina akili ya kuchagua muziki wangu mwenyewe, watu walikuwa wameanza kuwaongelea vile wanamwongelea mchezaji aliyestaafu: kwa heshima, na kwa wakati uliopita. Kwa hivyo majuzi niliposema naenda kuwaona jukwaani hapa Nairobi, wasee wa rika langu waliniuliza swali moja. Unaenda kuona nini sasa? Nilicheka tu, maana jibu lenyewe ni refu na linaanzia mbali, kwa redio.

Hadi katikati ya miaka ya 1990, Kenya ilikuwa na sauti moja hewani, na sauti hiyo ilikuwa ya serikali. KBC ndiyo ilikuwa inaamua muziki ni upi na kelele ni zipi. Capital FM ilipoanza mwaka wa 1996 tulipata redio ya kibinafsi, lakini nayo ilikuja na Kiingereza chake na nyimbo zake za ng'ambo. Kijana wa Eastlands mwenye daftari la mistari alikuwa anasikia Kiswahili cha taarifa ya habari upande mmja na Kiingereza cha New York upande mwingine. Ile lugha aliyokuwa akiongea na mabeshte zake kwa steji haikuwa popote. Shuleni ilikuwa inakuletea kiboko. Walimu walikuwa wakilalamika kwamba Sheng inaharibu matokeo ya mtihani, na hiyo kesi sijui kama imewahi kuisha.

Si kwamba hakuna aliyekuwa akirap. Hardstone alikuwa ameshachanganya Kikuyu na ragga kwenye "Uhiki". Na jirani zetu Tanzania walikuwa mbele kabisa: Saleh Jabir alichukua midundo ya Marekani mwaka wa 1991 akaiwekea Kiswahili, kisha wakaja Kwanza Unit na Mr II, ambaye leo wengi wanamjua kama Sugu, mwanasiasa. Lakini Kiswahili cha Dar ni lugha inayokubalika mpaka bungeni. Kilichokuwa hakijafanyika hapa Nairobi ni mtu kusimama na lugha ya mtaa wake, ile yenyewe, akaongea mambo mazito nayo na akategemea nchi nzima imsikilize.

Ndipo wakaja vijana watatu wa Dandora: Kamaa, Oteraw na Johnny. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakatoa "Tafsiri Hii", wimbo kuhusu maisha magumu ya mtaani. Ukiangalia vizuri, jina la wimbo wenyewe ni amri. Na amri hiyo haikuwa ya watu wa mtaa, maana wao hawakuhitaji kutafsiriwa kitu. Ilikuwa inamwendea mtu wa ofisini, mwenye redio, mwalimu, mbunge. Kwa mara moja, yule aliyezoea kueleweka ndiye aliyetakiwa kutafuta mkalimani.

Mimi nilipata hii yote kupitia anko yangu, ndugu mdogo wa mama. Alikuwa makanga kwenye matatu za Dandora wakati huo, na kaseti ndizo zilikuwa mali yake ya pekee. Alikuwa akiziweka kwa boksi la viatu juu ya kabati, na sisi watoto tulikuwa hatuguswi lile boksi. Anko anasema gari isiyokuwa na muziki mzuri ilikuwa inaachwa na abiria hata kama imejaza mafuta na iko tayari kuondoka. Kabla redio haijawakubali vijana wa mtaa, matatu ilikuwa imeshawakubali. Mtu alikuwa anausikia wimbo kutoka Dandora hadi tao asubuhi, na akirudi jioni ameshashika kiitikio.

Dandora yenyewe inafaa kueleweka, kwa sababu si mtaa uliojiotea tu. Ulipangwa. Katikati ya miaka ya 1970, Benki ya Dunia na serikali walikuja na mradi wa ploti kama 6,000 za watu wa kipato cha chini. Mpango ulikuwa hivi: unapewa kiwanja kilicho na maji, choo na bafu, halafu nyumba yenyewe unajijengea pole pole kadiri unavyopata. Kwa karatasi ilikuwa ndoto safi. Lakini kando ya ndoto hiyo kukawekwa jaa la taka la jiji zima. Watu waliendelea kujenga, wakaongeza vyumba vya kupangisha, wakaongeza orofa, na jaa nalo likawa linapanda kama jirani anayeshindana. Mwaka wa 2007 shirika la UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya watoto 328 wa maeneo ya karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika kimataifa.

Kumbuka mwaka huo. 2007. "Tafsiri Hii" ilikuwa imeshachezwa karibu miaka kumi. Wasanii walisema maisha ya huko ni magumu, na miaka ikapita kabla ya ripoti kuyasema kwa namba na kwa Kiingereza. Sisemi rap ni sayansi. Nasema taarifa ilikuwepo, ila ilikuwa kwa lugha ambayo wenye mamlaka walikuwa hawajajisumbua kuitafsiri.

Kuna jambo la pili ambalo nililipata kwao na sikulipata darasani. Mwaka wa 2001 Kalamashaka walitoa albamu ya "Ni Wakati". Walikusanya pia vijana wengine wa Dandora wakaita kikundi chao Mau Mau Camp, na walipoungana na Ukoo Flani, wenye mizizi Mombasa, wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Kwa msomaji wa leo hilo ni jina zuri la kikundi, basi. Lakini vuguvugu la Mau Mau lilipigwa marufuku na wakoloni mwaka wa 1950, na sheria hiyo ya mkoloni ilibaki vitabuni chini ya Kenyatta, ikabaki chini ya Moi, ikaja kufutwa mwaka wa 2003. Miaka 40 ya uhuru, na waliopigania ardhi walikuwa bado ni kundi haramu kwa karatasi. Sanamu ya Dedan Kimathi tao ilizinduliwa 2007. Malipo ya Uingereza kwa wazee 5,228 walioteswa yalikuja 2013. Huo ndio mwendo wa serikali. Vijana wa Dandora hawakungoja. Walijipa jina hilo, wakalirudisha kwa midomo ya watoto kama anko yangu, na mwaka wa 2004 wakatoa "Kilio cha Haki".

Mimi nilisoma historia chuo kikuu kwa mihula mitatu kabla ya karo kunishinda. Kwenye zile noti zangu, historia ya Kenya ilikuwa inakimbia vizuri mpaka 1963, halafu inaanza kuchechemea. Miaka ya 1990, ambayo ndiyo iliwalea wazazi wetu, ilikuwa aya mbili: kifungu cha 2A kikafutwa 1991, uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika 1992. Watu walikuwa wanakula nini, wanaogopa nini, wanacheka nini, hakuna. Nilipotoka chuo ndipo nikaanza kusikiliza kaseti za anko kama mtu anayesoma. Mengi ya miaka hiyo nimeyajua kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwa shoo.

Ukumbi haukuwa mkubwa, na mpaka saa tatu usiku ulikuwa nusu. Nilikuwa nimemlipia anko tiketi, na alikuja amevaa jaketi ya jeans ambayo nilidhani alishaitupa. Umati ulikuwa wa aina mbili. Kuna wale wa rika lake, wamesimama nyuma karibu na ukuta, mikono kifuani, wengine wakiangalia saa kwa sababu kesho ni kazi. Na kuna sisi, mbele, simu juu. Midundo ya kwanza ilipopiga, hao wa ukutani walisogea. Sikuona nani alianza. Nilishtukia tu jamaa mwenye mvi, shati limechomekwa vizuri, amenipita bega akienda mbele huku akitamka kila neno.

Je, bado wanaweza? Pumzi si ile ya kijana wa miaka 20, na hawakujaribu kuigiza kwamba ni ile. Waliacha nafasi kati ya mistari, na nafasi hizo umati ndio uliozijaza. Nimeona shoo nyingi za wasanii wa rika langu ambapo sauti ya studio inachezwa nyuma na msanii anaruka ruka juu yake. Hapa ukikosea, umekosea mbele ya watu wanaojua mistari yako kukuliko. Hakuna aliyekosea.

Lakini kitu nilichobeba kwenda nacho nyumbani kilitokea kando yangu. Kulikuwa na msichana, tuseme wa miaka 19, ambaye kila baada ya muda alikuwa anamgeukia anko na kumuuliza, "Anko, hapo wamesema nini?" Hamjui, hajawahi kumwona, lakini amemwita anko kama kawaida ya Nairobi. Na anko, mtu ambaye nyumbani haongei sana, akawa anamwinamia sikioni kumweleza. Hilo neno maana yake ni hii. Hiyo ilikuwa namna tulivyokuwa tukiita polisi. Hiyo ni pesa, lakini siku hizi haiwezi kukununulia hata peremende.

Sheng huzeeka haraka kuliko mwenye kuiongea. Maneno ya 1998 mengine yamekufa, mengine yamehama mtaa, mengine yamegeuka maana. Basi sasa ni sisi vijana tunaohitaji mkalimani, na mkalimani ni makanga wa zamani mwenye jaketi ya jeans. Nilichoona ni kwamba akishaelezwa neno, yule msichana hakuhitaji kuelezwa habari. Alikuwa anatikisa kichwa mara moja. Kukosa kazi, kuhangaishwa na askari, kodi ya nyumba, viongozi wanaokuja na kura na kuondoka nayo: hayo hayakuwa na haja ya maelezo. Neno limezeeka. Jambo lenyewe bado ni la leo asubuhi.

Hilo linauma, na sitalipamba. Wimbo wa malalamiko ukisikika mpya baada ya miaka hiyo yote, anayesifiwa ni msanii, lakini nchi imefeli.

Hata hivyo nilipata pia namna ya kuelewa mwaka wa 2024. Mnakumbuka ule Mswada wa Fedha. Kabla ya watu kuingia barabarani, kabla ya tarehe 25 Juni na Bunge na wale tuliowazika, kulikuwa na kazi moja ya kimya ambayo vijana walifanya. Walichukua karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili wakaitafsiri. Kwa Kiswahili, kwa lugha za mama, kwa Sheng, kwa video za dakika moja. Mkate utapanda hivi, M-Pesa hivi. Tarehe 26 Juni Rais alisema hatautia sahihi. Wengi waliandika kwamba kizazi chetu kimezua kitu kipya. Mimi naona kazi hiyo ilikuwa na wazee wake. Kalamashaka waliwaambia wakubwa waitafsiri lugha ya mtaa. Wakubwa walipokataa, mtaa ulijifunza kuitafsiri lugha ya wakubwa.

Tukitoka nilimwambia anko nitaandika kuhusu usiku huu. Akaniuliza, "Na watakulipa?" Nikamwambia kidogo. Akasema basi niandike vizuri, maana wale nao walilipwa kidogo. Ni kweli. Kaseti feki zilikuwa zinauzwa wazi tao, na wimbo ungeweza kuchezwa kwenye kila gari ya Eastlands bila aliyeuimba kupata nauli ya kupanda hiyo gari. Tiketi ya mlangoni ni mojawapo ya njia chache ambazo pesa ya shabiki inamfikia msanii wa wakati huo akiwa bado hai.

Siku hizi Jumapili jioni naenda kwa anko na daftari. Tunaweka wimbo mmoja, tunausimamisha kila mstari, ananieleza maneno na mimi naandika. Tunabishana sana, kwa sababu mke wake alikulia Kariobangi na anasema huko neno lilikuwa na maana nyingine. Naandika maana zote mbili. Kama una mzazi, anko au shangazi aliyepanda matatu za Eastlands miaka hiyo, na kama kwenu kuna boksi la viatu juu ya kabati, lishushe ukiwa naye. Muulize neno moja moja wakati bado yupo wa kuuliza.