Majivu, Jiwe na Moto: Kijani cha Longquan
Vigae vya kijani vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, vilitoka Longquan, mashariki mwa China. Mng'ao wake haukuhitaji madini ya thamani. Wafinyanzi walisaga jiwe la milimani, wakalichanganya na maji, majivu na chokaa, kisha wakachovya vyombo humo, vile vizuri zaidi mara kadhaa. Joto likipita nyuzi 1200 za Selsiasi, chokaa hulisaidia jiwe kuyeyuka, nalo hugeuka kioo. Kijani hutokana na chuma kidogo kilichomo, ila kwa sharti gumu: tanuri linyimwe hewa. Hewa ikizidi, chombo hutoka manjano au kahawia. Vyungu vilivyofinyangwa pwani kwenyewe, kwa upande wake, havikupakwa kioo. Vilichomwa kwa moto wa wazi, usiofikia joto hilo.