Wimbo Mpya kwa Siku Kubwa

Kamati ya maadhimisho ya hekalu letu imeniomba niandike machache juu ya muziki wa sherehe. Mimi ni mfanyabiashara, si mwanamuziki. Hata hivyo, miaka yote niliyouza duka hapa Kibaoni nimeimba bhajani jioni, na nimesoma kidogo habari za wenzetu wa pwani. Wao walifahamu jambo ambalo sisi tumelisahau: siku kubwa hustahili wimbo uliotungwa kwa ajili yake.

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kilabu cha Ikhwani Safaa, ambacho kimevuka miaka 100. Taarabu ya wakati ule ilikuwa muziki wa chumbani: wapigaji wachache wameketi na udi, kanuni, fidla na ngoma ndogo, na wasikilizaji wako karibu nao. Baadaye vilabu vikawa vingi na kushindana. Sikukuu ya Idd ilipokaribia, mshairi alileta beti, mwingine akazitia sauti, wapigaji wakafanya mazoezi, na usiku wa Idd watu wakasikia nyimbo ambazo hawajapata kuzisikia. Wenye harusi nao waliagiza nyimbo zao.

Aliyeutoa muziki huo kwenye majumba ya wakubwa ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu. Nyumbani kwake Ng'ambo, wenzake walikutana jioni wakatunga nyimbo kutokana na habari za mjini. Wimbo wao wa Kijiti ulisimulia kesi ya mauaji ambayo mtuhumiwa alitoroka na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Yale ambayo mahakama iliyapuuza, wimbo uliyahifadhi. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili.

Wazee wetu walitoka Gujarati kuja huku. Sauti ya Siti ilikwenda huko ikarudi katika santuri. Harmoniamu na tabla zimeingia katika taarabu, na Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika sauti za filamu za Kihindi. Kwa hiyo jirani anayepita nje ya hekalu na kusikia harmoniamu hasikii kitu kigeni.

Sasa niseme kosa langu. Zamani, nilipokuwa mtunza hazina wa sherehe yetu ya Navaratri, mzee mmoja jirani, mpiga ngoma hodari, alikuja dukani. Akaniambia, "Mwanangu, nimetunga wimbo wa kivuko. Nataka niuimbe kwenye sikukuu yenu. Nipatie posho ya wapigaji wawili na siku tatu za mazoezi." Nikamjibu, "Mzee wangu, fedha zimekwisha." Wiki ileile nililipia maspika makubwa ya kukodi ili tucheze garba kwa kanda.

Mzee hakulalamika. Alikuja siku ya sikukuu, akala prasadi pamoja nasi, akapiga makofi. Miaka michache baadaye alifariki, na wimbo wake sikuusikia. Leo magari yanapita juu ya Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018. Wajukuu zangu hawajui maana ya kulala ukingoni mwa Mto Kilombero mkisubiri kivuko, mpunga juu ya gari na mgonjwa kando yenu. Wimbo ule ungewaeleza kuliko mimi.

Bhajani za wazee wetu tutaendelea kuziimba. Hakuna anayesema ziachwe. Lakini nazo kuna siku ziliimbwa kwa mara ya kwanza, mbele ya watu walioketi kuzisikiliza. Ninapendekeza kwa kamati kwamba kila Navaratri tuagize wimbo mmoja mpya, wa Kigujarati au wa Kiswahili, kutoka kwa muumini au jirani yeyote, nao uimbwe kwanza katika ukumbi wetu, bila maspika. Posho ya wapigaji na gharama za mazoezi kwa mwaka wa kwanza nitalipa mimi. Ni deni langu la siku nyingi.